Mizani ya kliniki inapima dozi, haimpimi mtoto

Kadi ya kliniki ya mjukuu wa mama mdogo wangu ina safu moja ambayo kila mara huandikwa na hakuna anayeisoma. Ni safu ya uzito. Juni kilo 18.6. Septemba 19.0. Desemba 19.7. Machi 18.8. Juni tena 19.2. Kijana ana miaka 9, alizaliwa na VVU, na mwaka mzima amekuwa akizunguka palepale kama ngamia wa kinu.

Safari hii ya Juni nilimsindikiza mimi. Kituo kiko uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, na jina lake naliacha, kwa sababu ninachokilalamikia hakikuanzia pale wala hakiishii pale. Kijana alivua ndala, akapanda mizani na kaptula yake ya shule. Nesi akaandika namba, akainua macho kwenye jedwali lililobandikwa ukutani: kilo 14 hadi 19.9, vidonge viwili na nusu vya dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, vile vidogo vya miligramu 10 vinavyoyeyushwa kwenye maji. "Yuko palepale, bibi. Dozi ileile." Mama mdogo akaitikia, "Alhamdulillahi, mwanangu." Kipimo cha wingi wa virusi kilikuwa kimesharudi na virusi havionekani. Ikaandikwa tarehe ya kurudi, tukatoka.

Hilo "palepale" nimelibeba tangu siku ile. Lilisemwa kama habari njema, na kwa upande wa dawa ni habari njema kweli, maana hakuna cha kubadilisha. Dawa za watoto hutolewa kwa kilo, si kwa umri. Akifika 20 anahamia kidonge kimoja cha miligramu 50. Akifika 30 anaingia kwenye kile kidonge cha watu wazima chenye dawa tatu ndani yake. Kwa hiyo mizani ya kliniki ina kazi maalumu, nayo ni kumwambia nesi ahesabu vidonge vingapi. Ikishasema hivyo imemaliza. Swali la pili, kwamba kwa nini mtoto wa miaka 9 ana kilo 19 wakati kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani wastani wa wavulana wa umri wake ni kama kilo 28, halina safu kwenye kadi.

Wala urefu haukupimwa. Tulipofika nyumbani nikamwegemeza kwenye mwimo wa mlango, nikachora alama kwa mkaa juu ya kichwa chake, nikaazima tepu ya fundi seremala jirani. Sentimita 116. Wenziwe duniani, kwa wastani, wana karibu 133. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna aliyeshtuka. Kijana si mkondefu. Ukimtazama amekaa sawasawa, mashavu yapo, mikono ina nyama. Kilo zake zinaendana na kimo chake. Kasoro ni kwamba kimo chenyewe ni cha mtoto wa miaka 6. Udumavu una ujanja huo: humpunguza mtoto pande zote kwa kipimo kimoja, na asiyejua umri wake hawezi kuona kilichoibiwa. Chakula dawa, zile pakiti za karanga zenye kilokalori 500, ni cha mwenye utapiamlo mkali. Yeye hafuzu.

Nchi hii imejifunza kumwangalia mtoto mpaka atimize miaka 5. Kadi yenye mstari wa ukuaji ni ya umri huo. Utepe wa kupima mkono tuliouzoea, wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5 na njano mpaka 12.5, umekatwa kwa umri huo. Matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 huishia hapo. Hata ile shilingi 1,000 ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga kwa ajili ya lishe huhesabiwa kwa vichwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Udumavu huanzia tumboni na miaka miwili ya mwanzo ndiyo yenye uamuzi. Ila ilipangwa wakati ambao mtoto mwenye VVU hakutarajiwa kuvuka mpaka. Bila dawa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na maambukizi walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka 2. Sasa wanavuka, wanafika darasa la tatu, wanacheza mpira. Lishe huacha kuwaangalia mlangoni mwa shule, na kliniki ya tiba na matunzo (CTC) inaangalia virusi. Katikati ya macho hayo mawili ndipo alipo kijana wetu.

Na si kwamba maarifa hayapo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa lishe kwa watoto wanaoishi na VVU wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 14. Kumi na minne, si mitano. Unasema mtoto ambaye haumwi kitu, anakua vizuri tu, anahitaji nguvu ya chakula asilimia 10 zaidi ya mwenzake. Akiwa na kifua kikuu, au ugonjwa sugu wa mapafu, au amekwama kuongezeka uzito, nyongeza hupanda mpaka asilimia 20 au 30. Anayetolewa kwenye utapiamlo mkali huhitaji nusu zaidi, hata mara mbili.

Tuzishushe namba hizo jikoni. Mtoto wa umri ule anahitaji kama kilokalori 1,800 kwa siku. Asilimia 10 ni 180. Hiyo ni konzi moja ya korosho, na kidogo juu yake.

Naomba msomaji wa Mtwara na Lindi arudie sentensi hiyo. Konzi ya korosho. Huku ambako tunapulizia salfa mikorosho mwaka hadi mwaka, tunaokota, tunaanika, tunapakia magunia mpaka chama cha msingi cha ushirika, mnada unalia, na sehemu kubwa ya mzigo inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa na wengine. Ndani ya konzi ile mna protini, mafuta mazuri, zinki na madini ya chuma. Nimekaa nyumba nyingi za uwandani msimu wa korosho na nimeziona korosho zikiliwa kwa namna ya kuonja, zile zilizopasuka, kama vile aliyelima ni mwizi shambani kwake. Korosho kwetu ni noti ambayo bado haijachapwa. Mtu hatafuni noti.

Kinachoshibisha ni muhogo. Siutukani; muhogo umetuvusha ukame ambao mahindi yalikufa yamesimama. Ila unga wa muhogo una gramu kama 2 tu za protini katika gramu 100, wakati wa mahindi una kama 8. Mtoto anaweza kula ugali wa makopa akashiba, akalala, na mwili wake usipate matofali ya kujengea mfupa wala msuli. Na muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri una sumu ya sianidi, ambayo mwili huivunja kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Mwenye protini chache analipa mara mbili. Ugonjwa wa konzo, ule unaokaza miguu ghafla, ulionekana Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya ukame, watu walipokula muhogo mtupu bila subira ya kuuloweka. (Kwa anayetaka njia: lowanisha unga, utandaze tabaka jembamba kivulini kwa saa tano au juani kwa saa mbili, ndipo usonge. Sumu inaruka na hewa.)

Kinachoutoa muhogo kwenye kesi ni mboga. Bakuli la mbaazi za nazi au kunde, kisamvu kilichotwangwa na karanga za Masasi, dagaa wakisagwa unga wakatupiwa kwenye uji, na muhogo unatosha kabisa. Hata mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo huoza chini ya mti kwa maelfu kama hayakwenda kwenye pombe ya uraka, yana vitamini C kuliko chungwa, na vitamini hiyo ndiyo husaidia tumbo kuchukua madini ya chuma ya mchicha na kunde. Mtoto akila bibo baada ya mboga, hajachezea chakula.

Sasa turudi kwenye ile safu. Desemba 19.7, Machi 18.8. Mizani hucheza, na mtoto mmoja si utafiti, nakubali. Lakini mkulima yeyote wa huku akiziona tarakimu hizo ataniambia bila kuulizwa: Desemba hela ya mnada imeingia, Machi imeshakwisha na madeni ya pembejeo yameanza kubisha hodi. Kalenda ya korosho imeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na wanaopaswa kuiona wanaangalia jedwali la vidonge.

Miezi hiyo ya njaa ina madhara mengine ambayo hayatajwi. Walezi wetu wanaamini dawa hizi ni kali na hazitaki tumbo tupu. Mama mdogo mwenyewe aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba kuna jioni mbili tatu alimrusha dozi kwa sababu mtoto hakuwa amekula kitu cha maana. "Ningempaje dawa na njaa, baba? Ningemuua." Imani hiyo haikutoka hewani; zamani zilikuwepo dawa zilizofungamanishwa na chakula, na walezi wakafundishwa hivyo. Dolutegraviri inanywewa umekula au hujala. Kilichomo kwenye maelekezo yake ni kingine kabisa: isikutane tumboni na vidonge au dawa ya maji ya madini ya chuma, wala kalsiamu, mtoto akiwa hajala, kwa sababu madini hayo huikamata dawa isiingie kwenye damu. Ama vinywewe pamoja na chakula, ama dawa itangulie kwa saa mbili, ama isubiri kwa saa sita. Huku malaria inakopunguza damu ya watoto, na dawa ya kuongeza damu ni kitu cha kila nyumba, hilo lingepaswa kuimbwa kliniki. Sikulisikia likisemwa.

Je, dawa ndizo zinazomdumaza? Hapana, na hili liwekwe wazi maana uvumi upo. Katika utafiti wa ODYSSEY, uliohusisha watoto na vijana 707 wakiwemo wa Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2021, waliopewa dolutegraviri walikabili virusi vizuri zaidi, na baada ya kama miaka miwili walikuwa wamewazidi wenzao kilo moja hivi na karibu sentimita moja ya urefu. Dawa si mchawi wa kilo za kijana wetu.

Wachawi wapo waliotangulia. Wanaokumbuka stavudini, dawa ya zamani ya VVU, wanawakumbuka wagonjwa wenye mashavu yaliyobonyea na tumbo lililotokeza. Mafuta yalihama mwilini. Mwaka 2009 dunia iliambiwa iachane nayo. Ikafuata dawa ya maji ya lopinaviri, chungu kiasi cha mtoto kuitapika usoni pa mama yake, nayo ilipandisha mafuta kwenye damu. Vijana wetu wa miaka ishirini na kidogo waliolelewa na dawa hizo wamebeba historia hiyo ndani ya miili yao, na sijui ni wangapi kati yao wamewahi kupimwa sukari.

Maana virusi vyenyewe navyo havikai kimya. Umetaboli ni neno la vitabuni. Huku tunasema chakula kinamkaa mtu au hakimkai. VVU hushambulia utumbo mapema kwa sababu ndiko walikojazana askari wengi wa mwili, ukuta wa utumbo unaharibika, na hata virusi vikishafubazwa hubaki joto la chini kwa chini, kama makumbi yanayofuka bila kutoa moto. Joto hilo la miaka mingi ndilo linalosumbua insulini na mafuta ya damu. Ongeza na hili: kazi ya daktari David Barker wa Uingereza na waliomfuata imeonyesha kwamba aliyeanza maisha na njaa kisha akanenepa baadaye yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kisukari na presha. Mwili uliofundishwa kubana matumizi haujui la kufanya na ukarimu wa ghafla.

Na ukarimu wa ghafla tunao. Mwaka 2017 korosho ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, utani wa nchi nzima ulikuwa kwamba Wamakonde wanawanywesha mbuzi soda. Mbuzi sikuwaona. Niliowaona ni watoto. Kwa mtoto mwenye VVU hamu hiyo ina mzizi mwingine, wenye huruma ndani yake: kizazi cha mama mdogo kilizika watu waliokonda mpaka wakabaki mifupa, kwa hiyo unene kwao ni cheti cha kupona. Mtoto akitoka kliniki ananunuliwa soda na keki, "apate damu". Soda nyekundu, hasa. Chupa moja ya nusu lita ni sukari vijiko zaidi ya kumi, hakuna protini, hakuna zinki, na ile chupa imekula hela ya mayai mawili. Mtoto yuleyule aliyekosa matofali ya kujenga kimo anamwagiwa mafuta ya kuweka tumboni. Kimo hakipandi, kiribatumbo kinakuja, na ukimweka kwenye mizani namba inapanda na nesi anatabasamu.

Wengine hukimbilia vidonge vya "kuongeza kinga" vinavyouzwa stendi na mitandaoni. Hapa Watanzania tungekuwa wagumu kudanganywa, kwa kuwa dunia ilijifunza somo hili Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995 wajawazito 1,078 wenye VVU walifuatiliwa pale; vitamini za kundi B, C na E ziliwachelewesha kuugua, enzi ambazo dawa za kufubaza hazikuwepo. Vitamini A, ambayo huokoa watoto wadogo, kwa akina mama wale iliongeza maambukizi kwenda kwa watoto. Kisha dawa zikaja, wakajaribu vitamini za dozi kubwa dhidi ya dozi ya kawaida kwa watu wazima wanaoanza dawa, zaidi ya 3,000, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati: faida haikuonekana na ini lilianza kulalamika. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Aliyekuuzia kopo la elfu arobaini stendi hajakuambia hayo.

Ninachokitaka hakihitaji mradi, na heri kisihitaji, kwa sababu Januari 2025 tuliona Marekani inavyoweza kufunga bomba la misaada kwa amri ya siku moja. Kibao cha kupimia urefu fundi wa mtaani anakichonga. Mstari wa ukuaji wa miaka 5 mpaka 19 upo, Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2007. Uchapwe, ubanwe kwenye faili, kila safari iwekwe nukta mbili. Nukta ikilala mara mbili mfululizo, nesi aulize jana mtoto alikula nini, nani alipika, dawa alikunywa saa ngapi. Presha ipimwe kwa mkanda wa mkono mdogo. Wanaobalehe wapimwe sukari na lehemu (kolesteroli) hata mara moja kwa mwaka. Balehe yenyewe huchelewa kwa wengi wao, na huku kwetu jambo hilo haliko faragha: wenziwe wakienda jandoni, aliyebaki mdogo anasimuliwa mtaa mzima. (Dawa zinanywewaje kambini, mbele ya nani, ni makala nyingine.)

Chakula chenyewe ndipo ninapotofautiana na watu wa misaada. Mfuko wa unga unaotolewa kwa "watoto wa CTC" ni mfuko wenye jina. Nimeona mama akiuficha chini ya khanga kama bidhaa ya magendo. Uji wa shule haumtaji mtu. Makato kwa kila kilo ya korosho tunayajua, yana majina mpaka yanachosha. Shilingi chache zikatwe kwa jina la uji wenye unga wa karanga na dagaa, watoto wote wanywe, wenye virusi na wasio navyo, na siri ya mtu ibaki kwake. Wanachama wa vyama vya msingi wakilitaka hilo mkutanoni halihitaji bunge.

Mama mdogo sasa ana kopo la maziwa ya unga lililojaa korosho alizobangua mwenyewe, juu ya kabati. Konzi moja kila jioni, baada ya ugali. Alizikata kwenye gunia moja kabla halijaenda chamani, na mume wake alinuna siku mbili.

Septemba walikwenda bila mimi. Alinipigia simu jioni, sauti imemshuka. "Baba, wamembadilishia dawa. Walimpa vidogo viwili na nusu, leo wamempa likidonge lizima la hamsini. Kwa hiyo amezidiwa?" Nikamuuliza mizani imesema nini. Kilo 20 na gramu mia tatu. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwambia mjukuu, naye akachukua simu. Swali lake lilikuwa moja: hiki kikubwa nacho kina ule utamu?

Hakina, nikamwambia.